Nimetoka tairi ya 25 kwenda 32, mbona kona zimekuwa mbaya zaidi?

mwendo_lami
Wakuu, baiskeli ya mbio, ringi upana wa ndani milimita 19, breki za kubana ringi. Nimetoa tairi za 700x25 (upana milimita 25) nikafunga 700x32, tyubu za kawaida. Nikijaza upepo psi 100 (psi ni kipimo cha mgandamizo) kama zamani, kwenye kona yenye lami mbovu gurudumu la mbele linadundadunda na kusogea nje. Nikishusha hadi 40, usukani unakuwa mzito halafu baiskeli inayumba katikati ya kona. Mimi, baiskeli na mzigo ni kilo 93. Jumamosi natoka Iringa kwenda Morogoro, yaani mlima Kitonga kwa kushuka. Nijaze ngapi?

fundi_spoku
Psi 100 ni ya tairi nyembamba, mkuu. Mkazo wa ukuta wa tairi ni upepo ukizidishwa kwa upana: 32 yenye psi 78 imekaza sawasawa na 25 yenye 100. Kwa hiyo ulifunga tairi pana ukaishia na ngumu kuliko ile uliyotoa. Tairi ngumu haimezi kijiwe, inakipanda, na ikiwa juu haishiki kitu. Ukiwa umelala kwenye kona, yaani umeinamisha baiskeli, kila mdundo unakusogeza nje.

Piga hesabu. Gurudumu la nyuma linabeba kama asilimia 55 ya hizo kilo 93, yaani 51. Kwa psi 100 linagusa lami kwa takriban sentimita 7 za mraba. Kwa psi 60, takriban 12. Ila usidhani ukubwa wa eneo ndio unaokushika. Kinachokushika ni tairi kufuata mabonde ya lami bila kuachia.

Anza na nyuma 62, mbele 57. Chagua kona moja unayoijua, spidi ileile, kisha shusha psi 3 kila mara, mbele kwanza. Usukani ukianza kuchelewa kuitika, umepitiliza. Rudisha 3, baki hapo.

kona_kali
Naongezea kuhusu hiyo psi 40. Ukuta wa tairi unajikunja: sehemu iliyogusa lami inabaki, ringi inasogea pembeni, ndiyo maana unayumba. Na tairi pana yenye upepo kidogo ina eneo refu la mguso, ambalo kitovu chake cha nguvu kinabaki nyuma na kupigania kulinyoosha gurudumu. Uzito wa usukani unatoka hapo. Kwenye ringi ya upana wa ndani 15 ingekuwa mbaya zaidi, tairi inakaa kama balbu. 19 inatosha kwa 32.

Halafu ukiingia shimo na 40, tyubu inabanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo. Utakuta matundu mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka. Pancha ya namna hiyo mbele, ukiwa umelala, huisahihishi.

mwendo_lami
Shukrani. Na nikifunga zenye meno, si zitashika zaidi?

kona_kali
Kwenye kokoto na udongo, ndiyo. Kwenye lami meno yanapinda, unahisi baiskeli inaogelea, kisha yanaachia kwa ghafla. Baki na tairi laini zisizo na meno. Hata mvua isikutishe: kwa spidi ya baiskeli tairi haielei juu ya maji. Cha kuogopa ni dizeli ya malori na mistari ya rangi.

fundi_spoku
Kwa Kitonga, usiburuze breki. Ringi inapata moto, upepo unapanda, na tyubu inaweza kupasuka. Finya kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, achia unapolala. Hata bila breki, upepo uliojaza kwenye baridi ya asubuhi Iringa utakuwa umepanda psi 3 au 4 ukifika joto la Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga, kwa hiyo usiongeze kidogo "kwa usalama".

Angalia pia nafasi. Breki fupi za baiskeli ya mbio mara nyingi zinakwaruza 32. Zungusha gurudumu: kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na foku, ziwepo milimita 4. Spoku ikilegea ringi ikapinda kidogo, hizo ndizo zitakuokoa. Na upimie pampu ileile kila siku, maana vipimo vya pampu mbili vinaweza kutofautiana hata kwa psi 5.