Kuvua mapambo na vifaa vya nje vya stesheni wagoni ya zamani kabla ya rangi: nianzie wapi?

Mpenda504 anauliza:

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninafufua Peugeot 504 ya 1974, ile yenye umbo la stesheni wagoni (paa linaendelea hadi nyuma juu ya sehemu ya mizigo), na nimefika hatua inayonitia hofu kuliko hata nilipofungua injini. Bodi inatakiwa kukwanguliwa hadi chuma kionekane na kupakwa rangi upya, na kabla ya hapo kuna kanda zinazong'aa, nembo, vishikio vya milango, taa, bampa na vioo ambavyo vimekaa mahali pake kwa karibu nusu karne.

Fundi rangi niliyemwendea kwanza alinishauri tuvifunike vyote kwa karatasi na gundi, kwa hoja kwamba kuvua vitu vikuukuu ni kujitafutia hasara. Nilikaribia kumkubalia, lakini nilipoutikisa ukanda mmoja wa ubavuni, unga wa kutu ulimwagika kutoka nyuma yake. Nikachukua bisibisi bapa nikajaribu kuubandua, nao ukapinda katikati kabla haujaachia. Nimesimama hapo hapo. Naomba kuelekezwa: nitajuaje kila kitu kimefungwa kwa namna gani, nianze na kipi, na je, vioo virefu vya ubavuni nyuma, ambavyo mipira yake mipya sijaipata popote, vitoke au vibaki?

Fundi Bodi Mkongwe anajibu:

Ndugu, unga ule wa kutu umekwisha kukujibu swali la kufunika kwa karatasi. Nyuma ya ukanda wa mapambo maji na vumbi hukaa bila kukauka, na pale ambapo chuma cha pua kinagusa chuma cha kawaida penye unyevu, chuma cha kawaida ndicho huliwa. Ukipaka rangi kuzunguka ukanda utakuwa umeifungia kutu ndani, na zaidi ya hapo ukingo wa rangi mpya utaishia kwenye mstari wa gundi, mahali ambapo utaanza kumenyuka mapema. Kwa hiyo vua.

Kuhusu pa kuanzia, nitakueleza jambo ambalo wenye stesheni wagoni wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Nusu ya mbele ya gari lako, kuanzia grili hadi milango ya mbele, kwa kiasi kikubwa inafanana na ya saluni (gari la kawaida lenye buti) ya aina hiyo hiyo, na saluni zilitengenezwa nyingi zaidi, kwa hiyo ukiharibu kitu cha mbele una matumaini ya kupata kingine. Nyuma sivyo. Kanda za ubavuni nyuma, urembo wa mlango wa nyuma, taa za nyuma na vioo virefu ni vya umbo hili peke yake, na kuvipata ni kazi ya miezi. Basi anza mbele, mikono ijifunze kwenye vitu vyenye mbadala, ndipo uhamie nyuma ukiwa umeshazijua klipu za gari lako.

Usivute kitu chochote kabla ya kujua kilivyofungwa, na jibu mara nyingi liko upande wa ndani. Toa kwanza paneli za ndani za milango, za ubavuni na za mlango wa nyuma, kisha mulika kwa tochi. Ukiona ncha za bolti ndogo zenye nati, ukanda ule hautoki kwa kubanduliwa kutoka nje hata ukiulazimisha. Nati ndizo hufunguliwa, na ukanda huachia wenyewe. Usipoona nati, tarajia klipu za springi au za plastiki zilizopachikwa kwenye matundu ya bodi. Hizo hubanduliwa kutoka nje, lakini kwa kabari ya plastiki au ya mbao, ukiwa umebandika tabaka mbili za utepe wa karatasi wenye gundi kwenye rangi. Ingiza kabari karibu kabisa na klipu, inua kidogo, sogea kwenye klipu inayofuata, kisha urudi ulikotoka. Ukanda wako ulipinda kwa sababu uliinua sehemu moja mpaka mwisho huku klipu za jirani zikiwa bado zimeshika.

Usiutupe. Ikiwa ni chuma cha pua, hunyooshwa kwa kugongwa taratibu kutokea nyuma kwa kipande cha mbao ngumu, halafu husuguliwa kwa msasa namba 400, 600 na 800 kabla ya kung'arishwa. Alumini ina ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani na haivumilii jambo hilo, na hairuhusiwi kabisa kuguswa na dawa za kusafishia zenye magadi makali, kwani huichubua ngozi ile na kuiacha na mabaka. Sumaku haitakusaidia sana kuzitofautisha, maana baadhi ya chuma cha pua nacho hakishiki sumaku. Pima kwa uzito na ugumu.

Nembo na vishikio vya milango vitendee kwa upole kuliko vyote. Vingi vya enzi ile vilimiminwa kwa aloi ya zinki kisha vikapakwa kromu, na zinki ikizeeka hukatika kama biskuti. Nembo yenye vijiti nyuma huvunjika pale pale kwenye kijiti. Kama unaweza kufikia kwa ndani, bana kijiti na ukisukume kuelekea nje. Kama huwezi, pasha joto kwa draya ya nywele, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya nembo na kuukereza huku na huku hadi ukutane na kijiti.

Mwenye Wagoni ya Mbao anajibu:

Naongeza neno kwa wale wenye stesheni wagoni za Marekani zenye sura ya mbao. Kwa Ford Country Squire, kwa mfano, paneli za mbao halisi ziliishia na gari za 1951, na kuanzia 1952 kinachoonekana ni karatasi ya vinili (plastiki laini) juu ya bati, ikizungukwa na fremu. Fremu hizo nyingi hushikwa kwa nati kutoka ndani, sawasawa na alivyoeleza Fundi. Vinili yenyewe hutoka kwa joto na subira, lakini kabla hujaibandua pima na uandike umbali wa kila ukingo kutoka kwenye mkunjo wa bodi, kwa kuwa ikishatoka hakuna alama itakayokuonyesha mahali ilipoanzia.

Kuhusu skrubu zilizoshikwa na kutu, mafuta ya kupenyeza yawekwe jioni kwa siku mbili au tatu mfululizo kabla ya kugusa bisibisi. Kisha jaribu kukaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Angalia pia kichwa cha skrubu: gari za Ulaya mara nyingi hutumia msalaba wenye mistari minne midogo ya ziada kati ya mikono yake, na bisibisi ya msalaba wa kawaida huteleza ndani yake na kukiharibu kichwa, kisha tunailaumu kutu.

Rangi na Rabba anajibu:

Ndugu Mpenda504, niruhusu nikuzuie kwenye jambo moja. Kwa vioo vya ubavuni usifuate ushauri wa jumla wa kukata mpira wa zamani. Mpira mpya ukipatikana, kata wa zamani bila kusita, kwa sababu kioo hutoka salama bila kusukumwa. Usipopatikana, mpira huo mkuukuu ni mali. Subiri siku ya jua kali au uupashe joto, mwagia maji ya sabuni kati ya mpira na bati, pitisha kijiti cha plastiki chenye ncha butu kuzunguka pande zote, kisha mtu mmoja asukume kutoka ndani kwa viganja, akianzia kona ya juu, huku mwingine akipokea nje. Kama kuna ukanda unaong'aa uliopachikwa kwenye mfereji wa mpira, huo utangulie kutoka, kwani ndio unaoubana mpira. Mpira uliokauka na kupasuka hautavumilia haya. Hapo ni heri kioo kibaki hadi utakapopata mwingine, na ukubali kufunika sehemu hiyo peke yake.

Tafadhali usitumie dawa ya kupuliza yenye silikoni kulainisha mpira wala klipu. Silikoni hutua kwenye bati, haitoki kwa kufuta tu, na rangi mpya itakataa kushika hapo na kufanya vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Maji ya sabuni yanatosha.

Mlango wa nyuma nao una hatari zake. Kabla ya kufungua vishikizo vyake vya gesi au springi, uegemeze kwa mti imara na uwe na msaidizi, maana ukiwa na kioo ndani ni mzito kuliko unavyodhani. Nyaya za taa ya namba na kifutio zifungie uzi mrefu kabla ya kuzivuta, uzi ubaki ndani ya njia yake ukusubiri siku ya kurudisha. Zungushia bawaba mstari kwa sindano ya kuchorea, tena ukwaruze vizuri kwa kuwa mstari wa kalamu utafutika kwenye msasa.

Mpenda504:

Nawashukuru sana nyote. Jana nilitoa paneli za ndani za ubavuni na kumbe ukanda nilioupinda ulikuwa na nati mbili kwenye ncha na klipu katikati, ndiyo sababu haukutoka. Swali moja lililobaki: klipu za zamani nizirudishe?

Fundi Bodi Mkongwe:

Za plastiki hapana, zimekwisha kukauka na zitaachia barabarani. Za springi zirudishe ikiwa bado zinabana na hazina kutu, ila kila tundu la klipu kwanza lipakwe praima (rangi ya msingi) na rangi hadi ukingo wake wa ndani, kisha klipu ichovywe kwenye nta ya kuzuia kutu kabla ya kupachikwa. Na wakati zikingoja, chukua boksi la karatasi ngumu, chora juu yake umbo la ukanda mzima, na uichomeke kila klipu mahali pake halisi kwenye mchoro huo. Klipu za ukanda mmoja huwa hazilingani zote, na ukizichanganya kwenye kopo moja utajaribu kila moja kwenye kila tundu, juu ya rangi mpya.