Tupeane uzoefu: Kuomba kazi ya TEHAMA ukiwa umekaribia miaka 50

Ndugu wanajamvi, naomba tulio kwenye fani ya TEHAMA na umri umesogea tusimuliane tuliyokutana nayo katika kuomba kazi. Nina miaka 49, na nilianza kuandika programu za vyama vya akiba na mikopo wakati Dar es Salaam ikitegemea setilaiti, kabla mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, haujafika mwaka 2009. Laini ilipokatika katikati ya muamala, kompyuta ya tawini haikujua kama makao makuu yameupokea, hivyo iliutuma tena na mwanachama akakatwa mara mbili. Ndiyo maana tulizoea kuupa kila muamala namba yake ya kumbukumbu na kuihakiki kabla ya kugusa salio. Kwenye usaili wangu wa mwisho sikuulizwa lolote kuhusu hayo. Niliulizwa kama nitakubali kuelekezwa na msimamizi aliye rika la mwanangu, nikajibu kwamba nitakubali bila shida, na sikuitwa tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa umri wake, na inaniuma kuona matangazo ya kazi bado yanaandika "asizidi miaka 35".

Mchangiaji wa Nairobi:
Pole sana kaka. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya 2010 nayo inakataza ubaguzi wa umri, lakini wakala wa ajira alinishauri nifute kwenye wasifu wangu mwaka niliohitimu. Nilikataa, kwa sababu ningefuta pia kazi ya kurekebisha mifumo iliyohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili kabla ya kuingia 2000. Ajira niliyo nayo sasa nimeipata kupitia mtu tuliyefanya kazi pamoja zamani.

Mchangiaji wa Mwanza:
Shikamooni. Mimi nina miaka 27. Mfumo wetu ulipokata wateja mara mbili mwisho wa mwezi, aliyegundua chanzo ni mama mmoja ambaye mkataba wake haukuhuishwa baadaye, jambo ambalo naona lilikuwa dhuluma. Kaka, namba hiyo ya kumbukumbu mlikuwa mkiitengenezea wapi?

Mwanzisha mada:
Marahaba. Tawini, kabla muamala haujatumwa. Ingetengenezwa makao makuu, kila jaribio lingepata namba mpya na mwanachama angeendelea kukatwa.