Mjadala: Riwaya iingie hadi chumbani kwa Bibi Salme?

Wadau, salaam kutoka Iringa. Katika kikundi chetu cha wasomaji kuna binti anaandika riwaya kuhusu Sayyida Salme, bintiye Sultani Said wa Zanzibar, aliyetoroka Unguja 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, kisha akabatizwa Aden na kuitwa Emily. Jumamosi alitusomea sura ya wawili hao faraghani. Wengi walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, na moyo wangu haujatulia.

Salme hakuwa bubu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anasimulia ndugu walivyogombea kiti, na alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwamba alimpenda Ruete, aliyekuwa jirani yake, anasema. Mimba haitaji. Mtoto aliyemzaa Aden, ambaye hakuishi, hamtaji. Aliyekumbuka mfupa wa ngamia alimsahau mwanawe wa kwanza? Alichagua kunyamaza. Basi tuandike Hamburg na baridi yake, tuandike 1870 mumewe alipokufa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo. Mlango alioufunga mwenyewe, sisi tuishie barazani.

Dada wa Tukuyu: Kaka, shikamoo, ila sikubali. Alikuwa mjane ugenini, akiandika kwanza kwa ajili ya wanawe. Unajuaje kwamba alichagua, si kwamba aliogopa? Habari za mimba ile zimo katika barua za ubalozi wa Uingereza, zilizoandikwa na wanaume. Tukiacha, hao ndio watakaobaki wakimsimulia. Afadhali binti wa Kiswahili.

Mzee wa Kalenga: Fuvu la Mkwawa, mtemi wetu wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa kwetu 1954. Anayetaka kuandika ya ndani ya Mkwawa ataanzia kwa wazee wa ukoo, atakaa, atasikiliza. Huyu mama naye ana wazao. Mbona hamuwataji?

Mimi: Marahaba, dada. Hilo la hofu sikulifikiria, na limeniingia. Mzee wangu, la wazao nimemfikishia mwandishi. Nimemwomba pia aiache ile sura, aandike nyingine: Salme yuko Ujerumani, kalamu mkononi, amefika Aden kwenye masimulizi yake, watoto watatu wako chumba cha pili. Anaandika ubatizo. Anaandika ndoa. Kabla ya hayo mkono ulisimama. Hofu hiyo aiandike kurasa ishirini akitaka, nitazisoma zote. Hajanijibu bado.