Kikundi: WATOTO WA MZEE OTHMAN (Leicester, Luton na Tanga)

Zuhura: Asalaam alaykum nyote. Jumamosi saa 8 mchana kwangu. Baba ndo kastaafu, tusimwache kujikalia peke yake. Nimepata misimu yote 6 ya One Foot in the Grave, ile komedi ya BBC ya mzee Victor na mkewe Margaret. Semeni nani analeta nini.

Zuhura: ??

Zuhura: Tiki za bluu naziona jamani.

Idi: Dada, mtu katoka kazini juzi, unamwekea mzee aliyeachishwa ulinzi nafasi yake ikachukuliwa na kisanduku? 😂

Zuhura: Baba ndiye aliyetuzoesha. Akirudi zamu ya basi anacheka mpaka anakohoa.

Idi: Yule Richard Wilson anayeigiza Victor alikuwa na miaka 53 tu ilipoanza 1990, anaigiza wa 60. Baba ana 66 na hahitaji kuigiza.

Fatma: SIAMINI! Kama Victor mwenyewe 🤣🤣

Zuhura: Mzaha baadaye. Mama zamu yake inaisha saa 7, nani anampitia?

Idi: Ndo yale yale. Margaret yuko duka la maua anatafuta riziki, Victor yuko nyumbani anagombana na majirani.

Mama: Bora angegombana na majirani. Jana nimetafuta hiliki nusu saa. Baba yenu kapanga makopo yangu kwa urefu.

Fatma: Na kobe atachomwa kama kwenye kipindi? 🐢🔥

Zuhura: NANI ANAMPITIA MAMA

Rashid: Salaam. Ndo naona sasa. Zile kanda za video za zamani alibaki nazo nani?

Zuhura: Rashid usianze.

Rashid: Nauliza tu. Zilihama Luton pamoja na friji.

Zuhura: Friji alinipa Mama mwenyewe.

Mama: Nilisema uitunze.

Idi: 👀

Shangazi Rukia: Wanangu. Mie nilikuwa nanyi huko mwaka 2000, ile ya mwisho niliiona. Yule mzee anagongwa na gari, mkewe anabaki mjane. Ndiyo ya kumkalisha mama yenu aitazame? Na huyo baba yenu kuna aliyemuuliza anataka nini?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Tutaweka za mwanzo tu inshallah.

Shangazi Rukia: Marahaba. Sikusema za mwanzo. Nimesema aulizwe.

Fatma: Shikamoo shangazi 🙏

Idi: Shikamoo shangazi. Basi tuweke ile ya foleni, kipindi kizima wamekaa garini. Baba atadhani karudishwa kazini.

Zuhura: Idi, wewe utampitia Mama.

Idi: Gari liko gereji.

Rashid: Nitajitahidi nikitoka kazini. Friji tutaongea.

Zuhura: Mama, mpe Baba simu nimuulize.

Mama: Kalala. Akiamka anataka kuhamia kabati la vikombe.

Fatma: Mie sambusa. Ni Jumamosi hii au ijayo?