Maembe ya mti mmoja yametuzidi: naomba ushauri kabla hayajaoza

Mama wa Nyegezi

Habari za Jumamosi, na wakubwa zangu shikamooni. Uani kwetu kuna mwembe dodo aliotuachia marehemu baba mkwe, na msimu huu umezaa hadi matawi yanagusa paa la banda la kuku. Jumapili jioni, upepo wa ziwani ulipotangulia mvua, tulilala tukisikia maembe yakigonga bati, na asubuhi niliokota ndoo tatu za lita 20. Nilijaza beseni nikampelekea jirani, naye akacheka, akanionyesha beseni lake lililofurika, kisha akanirudisha nyumbani na maembe yake matano juu ya yangu. Kuuza nako hakulipi, kwa kuwa kila nyumba inavuna wakati mmoja, na nauli ya bajaji hadi sokoni ingemeza mauzo yote.

Jumanne nilikamua juisi nikajaza madumu mawili, lakini kesho yake umeme ulikatika tangu asubuhi hadi usiku, na nilipofungua dumu la kwanza lilitoa povu kama togwa iliyopitiliza. Alhamisi mwanangu alikata embe lililokuwa zuri kwa nje, akakuta funza weupe wamejaa kwenye nyama. Jana nilijaribu jamu, ikaungua chini huku juu ikiwa bado maji.

Nimebakiwa na ndoo moja ya maembe mabichi na nyingine ya yaliyoiva, bila kuhesabu yaliyo mtini. Friji yangu ni ndogo. Naomba mnielekeze, hasa kwenye hiyo jamu.

Mwana wa Magu

Pole, dada. Sisi Wasukuma tunakata viazi vitamu tukavianika kuwa michembe, na maembe hukubali njia hiyohiyo. Chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, yamenye, yakate vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita, uvichovye dakika kumi kwenye maji ya limao ili visigeuke rangi, kisha uvianike juani hadi kipande kikikunjwa kisivunjike wala kutoa maji. Bibi yangu alikuwa akianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na mawe yetu ya Mwanza hushika joto hata jua likishapungua. Usishangae yakipungua sana, maana mwaka jana ndoo mbili zilinipa takriban kilo mbili na nusu tu.

Mvuvi Mstaafu

Ushauri wa jiwe ni mzuri mwezi wa Julai, si sasa ambapo mvua inakuja bila hodi. Kipande kikilowa kikiwa nusu kavu, kesho yake kina ukungu. Afadhali aanike kwenye wavu ulionyanyuliwa kwa miti minne, kama vichanja vya dagaa, hewa ipite chini na juu, na wavu mwingine wa kufunika nzi, ili wingu likitanda abebe vyote ndani kwa mara moja. Ila asitumie wavu uliowahi kuanikia dagaa, hata ufuliwe mara kumi. Mimi nilijaribu, na wajukuu waliniuliza kama samaki wameanza kuota mtini.

Mpishi wa Kirumba

Mama, jamu yako naona iliharibika kwa sababu mbili. Sufuria ilikuwa nyembamba juu ya moto mkali wa mkaa, na maembe yote yalikuwa yameiva sana. Kinachoifanya jamu ishikane ni pektini, ambayo hupungua tunda linapoiva, kwa hiyo katika kila kilo moja ya rojo weka robo iwe ya maembe ambayo hayajaiva vizuri. Pika rojo peke yake kwanza hadi lilainike, ndipo uongeze sukari gramu 750 na maji ya malimao mawili. Punguza makaa, koroga kwa mwiko mrefu bila kuondoka (hiyo simu iache chumbani), kwa kuwa ikishaanza kuwa nzito hurusha matone yanayobabua mkono. Ili kujua imeiva, dondosha kidogo kwenye kisahani cha baridi, subiri ipoe, kisha uisukume kwa kidole. Ikijikunja juu, epua. Imimine ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika kumi, ujaze hadi karibu na mdomo, ufunike papo hapo.

Mabichi yafanye achari. Mengine yakwangue, uchanganye na kitunguu, pilipili na chumvi, ule na sato wa kukaanga.

Bwana Shamba wa Zamani

Hao funza ni watoto wa nzi wa matunda, ambaye hutaga mayai ndani ya tunda likiwa bado mtini. Embe likianguka, funza hutoka na kuingia ardhini kugeuka pupa, yaani hujifunika ganda, kisha huibuka nzi mpya wa kushambulia yaliyobaki juu. Kwa hiyo okota kila siku, na yaliyooza usiyatupe jalalani wala kwenye mboji, bali yafukie kwenye shimo la nusu mita au zaidi. Pia vuna yaliyokomaa kabla hayajaiva, uyaivishe ndani. Mwangalie anayechuma, kwa sababu utomvu wa mwembe, ambao ni ndugu wa mkorosho, hubabua ngozi.

Mama wa Nyegezi

Asanteni sana, nanyi wazee Mungu awazidishie. Kijana ameshachimba shimo nyuma ya banda, na wavu mpya nitaununua Jumatatu. Jamu nimeanza na kilo mbili tu, nikiwa nimeazima sufuria nzito kwa yule jirani wa beseni, ambaye amekubali kwa sharti kwamba nipike na ya kwake.