Eti "njia za kisasa za mawasiliano"! Hawa watu wameitukana ndoa yangu

MkeWaMbali (mleta uzi)

Wakuu, sijalala. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Ni wale wale. Siwataji, kila aliyewahi kumwombea mwenzake viza ya ndoa ya Uingereza anawajua, na barua zao anazijua hata kabla hajazifungua. Jana jioni wamenijibu ombi la viza la mume wangu, baada ya miezi mitano na nusu. Wamekataa. Kukataa ningekumeza, nimeshameza mengi. Lakini ukurasa wa tatu, aya ya mwisho, mtu mzima mwenye akili timamu ameandika kwamba maisha yangu na mume wangu yanaweza kuendelea kwa "kutembeleana na njia za kisasa za mawasiliano".

NJIA ZA KISASA ZA MAWASILIANO!

Yaani simu. Nimeolewa na simu. Nikiumwa usiku simu ndiyo initie maji mdomoni, nikirudi kazini mgongo umekufa simu ndiyo inikande. Tangu tufunge ndoa Januari 2024 nimekaa na mume wangu siku 41. Nimezihesabu, nikazirudia. Siku nyingine zote tumeishi humo humo kwenye njia za kisasa: uso wake umeganda kwenye kioo, mdomo wazi, "unanisikia? mimi nakusikia, wewe unanisikia?" Ukizikusanya "unanisikia" zetu zote zinajaza kitabu kinene kuliko hizo kanuni zao.

Na hizo kanuni wamezibadilisha nikiwa njiani. Nina ukaazi wa kudumu Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Tulipoanza kupanga, mdhamini, yaani mwenza aliye Uingereza, alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichokaa tangu 2012. Mimi nilikuwa napata 24,000. Nikamshukuru Mungu, nikajua kwetu tatizo si hela. Ila nilikuwa nimebadilisha mwajiri Novemba 2023, na wao wanataka hati za mshahara za miezi sita kwa mwajiri mmoja. Miezi sita ingetimia Mei. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikaruka hadi 29,000. Wiki chache tu! Aliyetuma ombi tarehe 10 aliingia kwa 18,600, na hata akija kuongeza muda na mwenza yule yule anapimwa kwa 18,600. Mimi wa Mei nikatafute pauni 5,000 nyingine.

Nimezitafuta. Zamu za usiku, zamu za sikukuu, ovataimu mpaka wazee wananiuliza kama nina kwangu. Julai hadi Desemba nikapita kiwango. Mshahara wa mume wangu, mhasibu mwenye kazi yake nzuri, hauhesabiwi hata senti kwa kuwa anaupata nje ya Uingereza. Akiba? Ukitaka kutegemea akiba peke yake uwe na pauni 88,500 zilizolala miezi sita. Ningekuwa nazo ningekuwa nageuza wagonjwa vitandani saa tisa usiku?

Tarehe 31 Januari 2025 tukatuma. Ada pauni 1,846. Tozo ya afya 1,035 kwa mwaka, na viza ya miezi 33 wanaihesabu miaka mitatu, hivyo 3,105. Jumla 4,951. Mtihani wa Kiingereza. Kipimo cha kifua kikuu. Na ushahidi kwamba tunapendana: skrinishoti za WhatsApp tangu tujuane. Wamesoma alivyoniambia siku aliyofiwa na baba yake. Wamesoma nilivyokuwa nalia. Wamesoma yote hayo, halafu wakaona WhatsApp hiyo hiyo inatutosha maisha!

Sababu ya kukataa? Hati yangu ya mwisho ya mshahara ilikuwa na umri wa siku 31, wao wanataka isizidi 28. Siku tatu. Ya Januari ilitoka siku nne baada ya kutuma. Wamekaa na faili langu miezi mitano na nusu, hawakuweza kuniandikia mstari mmoja "mama, leta ya Januari".

Na hiyo "kutembeleana" nayo! Mwaka jana mume wangu aliomba viza ya matembezi ya wiki mbili. Wakamjibu hawaamini kwamba atarudi, kwa sababu mke wake yuko Uingereza. Leo wananiambia tutembeleane. Tutembeleane wapi, ndotoni?

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa viza za masomo. Mimi sisomi. Mimi nimeolewa.

Kiganja_Moto

Dada pole sana. Hilo neno na sisi walituandikia 2019! Neno kwa neno! Nadhani wana muhuri wake, wanagonga tu.

Kiganja_Moto

Tena kwetu waliongeza kwamba mtoto ni mdogo "atazoea". Mtoto alikuwa na miezi minane. Naomba niishie hapo.

Bwana_Kioo

Mleta uzi, njia za kisasa huzitaki lakini kutulilia umetulilia kwa njia ya kisasa. Ungepanda basi uje utuambie ana kwa ana.

MkeWaMbali

@Bwana_Kioo wewe unarudi nyumbani unamkuta mkeo. Ukirudi leo lala chumba kingine, mpigie kwa video, muulize kama anakusikia. Fanya hivyo miezi 18 kisha urudi kwenye uzi wangu.

Bwana_Kioo

Mke wangu akisikia hilo wazo atalipitisha leo leo.

MzeeWaFaili

Hasira tuweke kando kidogo. Siku 28 zimeandikwa wazi kwenye kanuni za ushahidi wa fedha, na kila mtu huambiwa: usitume mpaka hati mpya itoke. Hilo ni kosa lako, binti yangu, ingawa halistahili adhabu hii. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu afisa kuomba karatasi iliyokosekana kwenye mfululizo kabla ya kuamua. Hilo liandike kwenye rufaa kwa herufi kubwa. Andika pia kwamba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kuwepo kwa kiwango cha kipato, lakini ikasema maafisa wanapopima haki ya maisha ya familia hawawezi kufumbia macho vyanzo vingine vya fedha, wala maslahi ya watoto. Mumeo akiwa mwombaji aliye nje ana siku 28 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi.

Tozo ya afya hurudishwa ombi likikataliwa. Ada hairudi. Na ukituma upya, ujue Aprili 2025 ada ilipanda hadi 1,938.

MkeWaMbali

@MzeeWaFaili asante mzee wangu, ila hiyo 28 sitaki kuiona tena hata kwenye kalenda. Wao wamekaa miezi mitano na nusu, mimi nipewe siku 28. Mimi kupitisha siku tatu ni kosa, wao kupitisha nusu mwaka ni kazi. Na baada ya yote hayo, njia za kisasa za mawasiliano! Nimeisoma tena asubuhi hii kwenye basi nikatoa sauti, watu wakageuka.

Faida_Hasara

Swali. Kwa nini hukutuma kabla ya Aprili 2024 kwa njia ya wenye chini ya miezi sita kazini? Ipo. Wanaangalia mshahara wa sasa na jumla ya miezi 12 iliyopita.

MkeWaMbali

@Faida_Hasara niliiangalia. Kati ya mwajiri wa kwanza na wa pili nilikaa miezi mitatu bila kazi, mama alikuwa hospitalini. Miezi tisa ya mshahara ilinipa pauni 18,000. Zilipungua 600! Kumuuguza mama yangu ndiko kulikonikosesha mume wangu. Weka hiyo kwenye mizani yako ya faida na hasara.

Faida_Hasara

Daah. Pole. Nimenyamaza.

Kiganja_Moto

Na mshukuru ilisimama kwenye 29,000. Desemba 2023 walitangaza itakuwa 38,700 moja kwa moja. Nakumbuka usiku ule, mimi na mume wangu tulikaa na kikokotoo tukazima taa bila kusemezana. Wiki mbili baadaye wakasema wataanza na 29,000 kwanza. Serikali ilipobadilika 2024 wakasitisha kupandisha zaidi, na Juni 2025 kamati ya ushauri ya uhamiaji ikasema 38,700 haifai kwa viza za familia. Watu walishaahirisha harusi, wengine walishachukua kazi ya pili. Ile miezi nani atawarudishia?

Bwana_Kioo

Mngependana na wa karibu haya yote yasingekuwepo. Mapenzi ya umbali mnayatafuta wenyewe halafu mnamlilia afisa.

NuruYaUfukwe

@Bwana_Kioo acha ujinga. Mtu hachagui.

Dada mleta uzi, pole, lakini nyie wa Uingereza mnalia na hela, angalau hela mtu anaweza kuifanyia kazi. Denmark tunalizwa na UMRI. Tangu 2002 ni lazima wote wawili mfike miaka 24 ndipo mwenza aje kuishi. Nilikuwa na 25, mume wangu 22. Miaka miwili tulitakiwa tukae tukimsubiri azeeke! Hakuna ovataimu ya umri. Mwishowe tulifanya kama wengi, mimi raia wa Denmark nikahamia Malmö, upande wa Sweden, kwa sababu ukiishi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya unaingia kwenye sheria za Umoja na mwenza anaruhusiwa kuja. Nikawa navuka daraja kila asubuhi kwenda kazini Copenhagen, nchi yangu mwenyewe, narudi jioni kulala nchi ya watu ili nilale na mume wangu.

KadiYaKijani_Bado

Nadandia. Marekani nako msidhani ni asali. Kipato chao kipo chini, asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na ukipungukiwa unaruhusiwa mdhamini mwenza. Hapo nawasifu. Lakini mume wangu ana ukaazi, si raia, hivyo mimi niko kwenye foleni yenye idadi maalumu kwa mwaka. Mke wa raia hana foleni hiyo. Ndoa ile ile, pete ile ile! Halafu Aprili 2024 fomu ya kwanza kwa anayetuma kwa posta ilitoka dola 535 ikaenda 675. Kila mwezi natazama tarehe za foleni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kuna mwezi zilirudi NYUMA.

Der_Die_Das

Nyote mmepumzika. Njooni Ujerumani. Tangu 2007 mwenza anatakiwa ajue Kijerumani cha mwanzo KABLA ya kuja. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Mke wangu ameshafeli mara mbili. Kinachoniua ni hiki: Mfaransa anayeishi Berlin akimleta mkewe, mkewe haulizwi neno, kwa sababu anakuja kwa sheria za Umoja. Mimi raia wa Ujerumani ndani ya Ujerumani, mke wangu anaulizwa kama kwa Kijerumani neno meza ni la kike au la kiume.

NuruYaUfukwe

@Der_Die_Das meza ni ya kiume.

Der_Die_Das

Najua ni ya kiume! Yeye ndiye hajui!

Kiganja_Moto

Si ahamie Malmö basi na nyinyi hahaha

MzeeWaFaili

Kwa Mjerumani hoja ni ile ile, anaweza kwenda kuishi nchi nyingine ya Umoja kwa kweli kabisa, si kwa kuigiza, kisha akarudi. Ila miezi miwili mitatu haitamsaidia.

KadiYaKijani_Bado

Kuna mtu anaweza kuniambia picha za harusi zinatosha ngapi? Nina 300, mwanasheria anasema 20, shangazi yangu anasema zote.

Bwana_Kioo

Weka zote, wajionee watu walivyokula bila kualikwa.

MkeWaMbali

Nimerudi kutoka zamu. Leo nimempigia mume wangu, nilikuwa sijamsomea aya ile, nilimwambia tu tumekataliwa. Akaniomba nimtumie barua yote. Akaisoma nikimtazama. Alipofika ukurasa wa tatu picha ikaganda. Sijui aliganda yeye au mtandao. Nikasubiri. Kisha ikakatika, na hajapiga tena, na mimi sijapiga.

Rufaa nitaandika kesho. Hilo neno nitalinukuu mwanzo kabisa.

Der_Die_Das

@MzeeWaFaili mzee, kuishi "kwa kweli kabisa" ni miezi mingapi? Maana mtihani wake wa tatu ni mwezi ujao na amekataa kunizungumzia Kijerumani, anasema nikimsalimia tena kwa Kijerumani kwenye simu atakata.

NuruYaUfukwe

Mwache apumzike. Mwanzie nyimbo za watoto, mimi ndivyo nilivyomfundisha wangu Kidenmaki.

KadiYaKijani_Bado

Kwa hiyo picha ni 20 au 300?