Wimbo wa Lutaaya: tuendelee kuwapigia watoto shuleni, au uachwe?

Mleta mada, Masaka
Kila Oktoba 17, Siku ya Philly Lutaaya, na tena Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, wimbo wake wa UKIMWI, "Alone and Frightened", hurudi redioni na mashuleni. Wapo wazazi wanaosema basi sasa: ni wimbo wa zama za mazishi, unawatisha watoto waliozaliwa dawa zipo.

Mimi nasema upigwe. Kwa wasiomjua, Lutaaya alikuwa mwanamuziki wetu wa Uganda aliyeishi Sweden. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kuwa ana virusi, wakati silimu, yaani UKIMWI, ilitajwa kwa kunong'ona. Wapo waliosema anatafuta pesa. Akazunguka shule na makanisa huku mwili unakwisha, akafariki Desemba 15 mwaka huohuo, miaka 38.

Sikilizeni maneno yenyewe. Mwanzo kuna mtu aliyejificha peke yake, anaogopa giza. Kisha anaomba, na haombi dawa. Anaomba ashikwe mkono, asikimbiwe. Halafu "mimi" inageuka "sisi": leo yamenifika mimi, kesho mwingine, tusimame. Dawa alizozikosa zilianza kutolewa bure hapa Uganda 2004. Lakini ule mkono? Shangazi yangu humezea vidonge vyake chooni, tena nyumbani kwa mwanawe wa kumzaa.

Mchangiaji, Jinja
Kaka, nina miaka 22, nimezaliwa na virusi. Nameza kidonge kimoja kila usiku, na kipimo hakivioni tena. Nilipokuwa kidato cha pili waliupiga wimbo huo asubuhi mstarini, na darasa zima likanigeukia mimi. Tangu siku ile yule mtu wa ubeti wa kwanza nikawa mimi. Mwaka mzima nilikaa dawati la peke yangu. Unaposema upigwe, mfikirie mtoto aliye mstarini leo.

Nesi mstaafu, Bombo
Wanangu, wadi za miaka ile nilizifanyia kazi. Wagonjwa walikuwa wanaletwa usiku, ndugu hawataji ugonjwa. Lutaaya alipojitangaza, wakaanza kuja wengine wakisema wenyewe: ninao kama yeye. Mkiuzima wimbo, watoto mtawaelezaje zile nyumba zilizobaki bibi na wajukuu tu?

Mleta mada
Mdogo wangu wa Jinja, pole sana. Sikuwa nimelifikiria hilo la kugeukiwa. Nakubali: usipigwe mstarini kama tangazo, watoto wakasikia giza tu kisha kengele ikalia. Upigwe darasani hadi mwisho, na awepo mtu wa kuzungumza nao kabla na baada. Kuuacha kabisa, hapo bado nakataa.

Mchangiaji, Jinja
Basi huyo wa kuzungumza asiwe mwalimu mwenye picha za watu waliobaki mifupa. Awe anayeishi navyo, watoto wamwone anavyopumua na kucheka. Shule yoyote ya huku Busoga ikiniita, nitakwenda. Hata ile yangu ya zamani.